Diplome ya sheria iko nyumbani, kazi ya kwanza iko wapi? Hesabu ya familia za kare, Masisi na Walikale

Katika familia nyingi za Rubaya, Nyabiondo, Ndjingala na Mubi kuna mtoto mmoja ambaye kila mtu anajua hesabu yake. Huyo njo alisomeshwa sheria. Minervale yake ilitoka kwa mifuko ya koltan ama ya kasiteriti. Mwaka shimo lilijaa maji, mama aliuza mbuzi. Mwaka kontwari ilishusha bei, baba mdogo aliongeza. Miaka mitano ikapita, mitatu ya graduat na miwili ya lisanse, kwa wale waliosoma mbele mfumo wa LMD haujageuza majina. Siku ya kolasio watu wakapiga foto, wakala, na jirani wote wakaanza kumuita Metre.

Kisha miezi inapita na Metre yuko nyumbani. Anatoka asubuhi na bahasha chini ya kwapa, anarudi jioni na bahasha ile ile. Baba hasemi kitu mbele ya watu, lakini usiku anamuuliza mama: ile pesa yetu ilienda kufanya nini?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake halipatikani kwa kumlaumu mtoto. Diplome ya sheria haifungui mlango wa kazi moja kwa moja. Inafungua njia ya pili, ya miaka miwili ao zaidi, yenye mitihani yake, gharama zake na kiapo chake. Familia nyingi hazikuambiwa hivyo siku ya kuandikisha mtoto. Tena vita ya mwaka 2025 imeikata njia hiyo pale pale watoto wa Masisi na Walikale walizoea kupita, ndani ya Goma. Tuangalie moja moja.

Kutoka diplome mpaka toge

Mwenye lisanse ya droit si avoka. Kazi ya avoka katika Kongo inapangwa na ordonnance-loi namba 79-028 ya tarehe 28 mwezi wa tisa 1979, ambayo ingali inafanya kazi. Kwanza mtoto anapaswa kupata CAPA, cheti cha kuonyesha kwamba anaweza kazi ya avoka, kwa mtihani unaosimamiwa na Conseil national de l'ordre. Akishinda, anaomba kuandikwa kwenye liste ya wanaofanya staji katika baro, anakula kiapo mbele ya Cour d'appel, na hapo njo miaka miwili ya staji inaanza. Anafanya kazi ndani ya kabine ya avoka mkubwa, anahuzuria mashauri, anapokea watu masikini kwenye ofisi ya mashauri ya bure ambayo kila baro inapaswa kuwa nayo. Kiisha hayo yote, kama hakuna lawama juu yake, anaandikwa kwenye tableau. Siku hiyo njo anakuwa avoka kamili.

Katika miaka hiyo miwili, nani anamlisha? Kwa desturi ya kwetu, avoka mkubwa anampa mwanafunzi wake pesa ya moto kidogo akishinda kesi, pengine usafiri, pengine hata hiyo hakuna. Toge inanunuliwa. Baro inataka kotizasio. Nyumba ya kupanga mjini inataka garanti. Familia iliyouza shamba lote ili kufika kolasio inajikuta haina kitu siku mtoto anahitaji msaada kuliko zamani. Kama mwana wako yuko mwaka wa tatu leo, hesabu miaka miwili juu ya ile unayojua. Usingoje siku ya mwisho kuambiwa.

Kuna jambo moja ambalo watoto wa kare wanapaswa kulijua mapema, maana linawagusa wao kuliko watoto wa karani wa mjini. Kazi ya avoka haikubaliani na biashara. Kijana hawezi kuwa negosia wa madini asubuhi na avoka mchana. Na yule anayetaka kuwa juji ao prokureri, Code minier, kifungu cha 27, kinamfungia mlango mwingine: majuji, wanajeshi, polisi na watumishi wa serikali hawaruhusiwi kuwa na haki ya madini kwa jina lao. Tumesikia wazazi wakipanga kwamba mtoto akipata kazi ya serikali ataandikisha shimo la familia kwa jina lake ili liheshimiwe. Jina lake litaliumiza shimo na litamuumiza yeye.

Mlango wa pili ni ule wa majuji. Statut ya majuji, sheria ya tarehe 10 mwezi wa kumi 2006, inataka Mkongomani mwenye diplome ya sheria, umri wa miaka 21 mpaka 40, na konkuru. Anayeanza anakuwa juji wa tribunal de paix ao substitut kwenye parke. Mwaka 2022 Conseil supérieur de la magistrature ilitangaza nafasi 5,000, kwa mafungu mawili ya 2,500. Hiyo ilikuwa nafasi kubwa, na vijana wengi wa Kivu Kaskazini walijaribu. Lakini konkuru ya namna hiyo haiji kila mwaka. Mtu akiipangia maisha yake yote anaweza kuzeeka akiingoja. Afazali ajitayarishe kama itakuja kesho, na afanye kazi nyingine kama haitakuja kamwe.

Kuna pia mlango mdogo ambao watu wanaudharau: difenseri judisieri. Huyo anaweza kuanza na graduat, anasimama mbele ya tribunal de paix na tribunal de grande instance. Kwa teritwari kama zetu, ambako kesi nyingi ni za shamba, deni na ugomvi wa shimo, kesi za wananchi zinaanzia kwenye tribinali hizo. Mtoto wa mchimbaji aliyeishia mwaka wa tatu kwa kukosa pesa si mtu aliyepoteza kila kitu.

Mlango wa tatu, ule vijana wengi wa Goma walikuwa wanauangalia kwa kweli, ulikuwa ONG. Mwenye lisanse ya droit alipata kazi ya kufuata mambo ya ulinzi wa raia, kuandika ripoti za kambi, kufundisha haki za wanawake. Ililipa kwa dola na kwa wakati. Mlango huo umefungwa sana. Mwezi wa kwanza 2025 Marekani ilisimamisha msaada wake wa nje, na tarehe 1 mwezi wa saba mwaka huo shirika la USAID lilifungwa. Mwaka 2024 Marekani ilikuwa imetoa karibu asilimia 70 ya pesa ya msaada wa kibinadamu iliyofika Kongo. Kijana anayejitayarisha kwa kazi ya kwanza leo kwa kuiga kaka yake aliyeingia ONG mwaka 2018, anajitayarisha kwa dunia ambayo haiko tena.

Goma ilipofungwa

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 iliingia Goma. Tarehe 27, wafungwa wa Munzenze walitoroka kwa maelfu. Banki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga, kazi ya tribinali na parke za serikali ikasimama. Serikali ya jimbo ikahamia Beni. M23 nayo ikaweka gavana wake mjini, na baadaye ikaanza kupanga mambo ya haki kwa namna yake.

Kwa mchimbaji wa Ngungu mambo haya yanaweza kuonekana ya mbali: tribinali ikifunga, nani atalia? Kwa mwana wake mwenye CAPA, si ya mbali hata kidogo. Kiapo kinaliwa mbele ya Cour d'appel. Staji inahesabiwa kwa mashauri yaliyohuzuriwa. Pale hakuna mashauri, miezi inapita bila kuhesabiwa. Banki ikifunga, hata malipo ya kuandikishwa yanahitaji mtu wa kuyapeleka mji mwingine.

Kuna hatari nyingine ambayo lazima isemwe wazi. Constitution, kifungu cha 82, inasema majuji wanateuliwa na Rais wa Jamhuri kwa pendekezo la Conseil supérieur de la magistrature. Anayekaa kwenye kiti cha juji bila uteuzi huo, karatasi anazosaini hazina nguvu mbele ya serikali ya Kinshasa. Kijana anayepewa kazi hiyo leo anaweza kupata mshahara wa mwezi, na kesho akaulizwa maswali na wale wale anaotaka wamuandike kwenye baro. Hatumhukumu mtu anayetafuta chakula. Masisi watu wameishi chini ya wakubwa wengi, na kila mkubwa alikuja na stampi yake. Lakini kazi ya sheria ina tofauti na kazi ya dereva: saini yako inabaki kwenye karatasi miaka 30 baada ya wewe kusahau uliiweka kwa nini. Kama kuna njia ya kufanya kazi bila kusaini hukumu, kwa mfano kuandikia watu barua zao, kuwapatanisha, kulinda nyaraka zao, hiyo njo njia tungeshauri.

Na njia za kuondoka? Beni na Butembo zilibaki mikononi mwa serikali, na watu wa kazi ya haki wengi walielekea huko. Kwa Walikale kuna Kisangani, kupitia Lubutu, barabara mbaya lakini inajulikana. Mji una Cour d'appel yake, baro yake, na université yenye kitivo cha sheria cha zamani. Mtoto wa Mubi ama wa Ndjingala anaweza kuona kwamba kufanya staji Kisangani ni karibu zaidi kuliko kungoja Goma irudi. Mazungumzo ya Doha, ambako serikali na M23 walisaini accord-cadre tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2025, yanagusa swali la kurudisha utawala wa serikali. Lakini hakuna karatasi ya Doha inayosema siku gani karani wa Cour atafungua dirisha lake. Mwenye miaka 25 asisimamishe maisha juu ya siku hiyo.

Karatasi za kare

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko yote. Watoto wetu wanasoma sheria miaka mitano na wanatoka wakijua Code civil ya mauzo ya nyumba, wanajua mambo ya Kirumi, lakini wengi hawajawahi kufungua Code minier kwa utulivu. Na wametoka kwenye kare! Baba yake anachimba kila siku chini ya sheria ambayo mtoto mwenye lisanse hawezi kumueleza. Hapo njo kazi ya kwanza iko, hata kama haijapata jina la kazi.

Tuchukue Rubaya. Sehemu kubwa ya mashimo ya huko iko ndani ya PE 4731, kibali kilichokuwa kwa jina la Société minière de Bisunzu. Code minier, ile ya 2002 iliyorekebishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inasema uchimbaji wa mikono unafanyika ndani ya zone d'exploitation artisanale, na zone hiyo haiwezi kuwekwa juu ya kibali cha mtu kinachofanya kazi. Kwa hiyo maelfu ya wachimbaji wa koperative COOPERAMMA walikuwa wanachimba juu ya mapatano, yaliyowekwa mwaka 2013, kati ya koperative na kampuni. Kila mtu Rubaya anajua magomvi yaliyofuata: nani anauzia nani, nani amelipwa, nani hajalipwa. Tumeulizana sana juu ya ukabila ndani ya magomvi hayo. Ni wachache waliouliza: mapatano yenyewe yanasema nini ukurasa wa pili? Nani aliyasoma kwa Kiswahili mbele ya wachimbaji? Kazi hiyo ingeweza kufanywa na kijana mmoja mwenye lisanse na subira.

Leo mambo ni magumu zaidi. M23 ilichukua Rubaya mwisho wa mwezi wa nne 2024. Mwezi wa tisa mwaka huo Bintou Keita wa Umoja wa Mataifa aliliambia Baraza la Usalama kwamba ushuru wa koltan ya huko unawapa karibu dola 300,000 kila mwezi. Mwezi wa pili 2025 wizara ya Mines ikaweka kare za Masisi, pamoja na za Kalehe katika Kivu Kusini, kwenye rangi nyekundu, maana yake madini yake hayaruhusiwi kuuzwa nje kwa njia ya sheria. Mchimbaji hakuhama, shimo halikuhama, lakini kazi yake imegeuka kosa kwa karatasi moja ya Kinshasa, huku upande wa pili anatozwa ushuru na mwenye bunduki. Ukimuuliza nini maana ya nyekundu, atakuambia bei imeshuka. Hiyo ni nusu ya jibu. Mtu wa kumueleza nusu nyingine, na kumuambia ni karatasi gani aweke ili siku rangi ikibadilika aweze kuonyesha kwamba alikuwa mchimbaji na si mwanajeshi, hayuko. Kadi ya kreseri, jina kwenye daftari ya koperative, risiti ya kila aliyemtoza: vitu hivi ni ushahidi, na mwanasheria kijana njo anapaswa kuwafundisha watu kuvitunza.

Walikale ina kesi yake nyingine, Bisie. Kutoka mwanzo wa miaka ya 2000 mlima ule ulijaa wachimbaji wa mikono. Mwezi wa tisa 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka mwezi wa tatu 2011, na wengi wanakumbuka watoto waliofukuzwa shuleni mwaka ule. Leo Bisie ni mgodi wa kiviwanda wa Alphamin, unaotoa karibu asilimia 6 ya bati yote ya dunia. Mwezi wa tatu 2025, M23 ilipokaribia na kuingia Walikale-centre tarehe 19, kampuni ilikuwa imesha simamisha kazi na kuondoa watu. Mwezi wa nne, baada ya waasi kurudi nyuma, kazi ikaanza tena.

Mgodi wa namna hii una sheria nyingi zinazogusa kijiji moja kwa moja. Redevance minière inagawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa entité territoriale ambako mgodi uko, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa Bisie, ile 15 inahusu secteur ya Wanianga. Tena kampuni inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na kusaini nao cahier des charges, daftari la ahadi: shule gani, daraja gani, mwaka gani. Nani kwa upande wa kijiji anasoma daftari hilo? Mara nyingi ni chef, mwalimu na pasta, watu wazuri, wanaokaa mbele ya avoka wa kampuni. Kijana wa sheria mwenye kusikia Kinyanga, mwenye kuandika Kifaransa cha ofisi na kueleza kwa Kiswahili, akikaa kwenye meza hiyo hata kama hana toge, meza inabadilika. Hapana lazima awe avoka ili asome hesabu na aandike barua ya kuuliza ile asilimia 15 imefika ama haikufika.

Na koperative? Tangu 2018 mchimbaji wa mikono anapaswa kuwa ndani ya koperative iliyokubaliwa. Kongo iliingia OHADA mwezi wa tisa 2012, na sheria ya OHADA ya koperative, ya tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2010, inataka mkutano mkuu, daftari za wanamemba, hesabu. Koperative nyingi za kwetu ni mkubwa mmoja na stampi yake mfukoni. Kuwa secrétaire wa koperative, kuweka daftari ya wanamemba sawa, kuitisha mkutano na kuandika procès-verbal, hiyo ni kazi ya kwanza ya sheria. Mshahara ni mdogo, ndiyo. Lakini mwaka mmoja wa kazi hiyo utamfundisha kijana mambo ambayo maprofesa hawakuwa nayo.

Kazi inayoanza na kalamu

Wengine watasema: hizo ni kazi za karani, sisi tulimsomesha awe mtu mkubwa. Basi tukumbuke kesi moja kubwa iliyotoka kwetu. Ntabo Ntaberi Sheka alikuwa mfanyabiashara wa madini Walikale kabla ya kuanzisha kundi lake la silaha mwaka 2009. Kati ya tarehe 30 mwezi wa saba na tarehe 2 mwezi wa nane 2010, watu wake pamoja na makundi mengine walishambulia vijiji 13, Luvungi ikiwa moja yao. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Kesi ilianza Goma mwezi wa kumi na moja 2018, miaka nane baadaye. Tarehe 23 mwezi wa kumi na moja 2020, cour militaire opérationnelle ilimpa kifungo cha maisha.

Watu wanakumbuka hukumu. Kilichofanya hukumu iwezekane ni kazi isiyo na foto: kuketi na mama mmoja mmoja, kuandika jina, kijiji, saa, alichokiona, kulinda karatasi hiyo na siri yake kwa miaka, kisha kumleta mtu huyo mbele ya majuji bila kumharibia maisha mara ya pili. Zaidi ya watu 170 walitoa ushahidi. Dosiye za namna hii zinaanza na watu wenye kalamu na uaminifu kabla ya kufika kwa wenye toge. Na dosiye za miaka hii ya vita, za Masisi, za Kitchanga, za Sake, zitahitajika siku moja. Kama hakuna anayeziandika vizuri leo, siku hiyo hazitakuwako.

Basi kijana ajitayarishe namna gani? Asome Code minier na règlement yake, asome sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, hasa vifungu 387 mpaka 389. Cha mwisho kiliahidi ordonnance ya kupanga haki za ardhi za mila, na mpaka leo haikuja. Nusu ya magomvi ya Masisi imelala ndani ya ahadi hiyo. Ajifunze kuandika vitu vitatu bila kosa: plainte, mise en demeure na procès-verbal. Ashike kifungu cha 18 cha Constitution, kinachosema garde à vue haipiti saa 48, maana jambo la kwanza ataletewa na jirani zake ni mtu aliyefungwa kwa polisi kwa sababu ya deni la mifuko, na deni peke yake si kosa la jinai. Na lugha: Kifaransa chake kiwe cha barua ya ofisi, si cha kuonyesha kwamba alisoma. Mzee anayeletewa barua yenye maneno makubwa ataisaini bila kuisikia.

Kwa mabinti kuna mzigo wa ziada. Wazee wanauliza ataolewa lini, na kwenye kabine zingine wanaombwa vitu visivyoandikwa kwenye staji yoyote. Mzazi anayemuambia binti avumilie tu anamuacha peke yake. Kila baro ina bâtonnier, na malalamiko ya mwanafunzi wa staji yanapelekwa kwake kwa maandishi.

Neno kwa baba na mama pia. Mtu akija kwenu na kusema ana njia ya kumpatia mtoto CAPA ama nafasi kwenye konkuru kwa dola kadhaa, mfungieni mlango. Mtihani unatangazwa wazi na Conseil national de l'ordre, konkuru inatangazwa na Conseil supérieur de la magistrature, na bei za kuandikishwa zinaulizwa kwenye sekretariati ya baro yenyewe, si kwa rafiki wa rafiki. Pesa hiyo iwekeni kwa toge, kwa nyumba ya kupanga Kisangani ama Butembo, kwa unite za simu. Na kabla mtoto hajaondoka, hakikisheni anabeba diplome yenyewe, si kopi peke yake, relevé za kila mwaka, atestasio ya kuzaliwa, kadi ya mchaguzi na kopi mbili za kila kitu zilizofungwa ndani ya plastiki, kwa sababu njia ya Lubutu ina mvua miezi mingi.